Senti Ishirini Juu ya Reli

Ningepewa nafasi ya kurudi siku moja tu ya utoto wangu, nisingechagua Idi wala Krismasi. Ningerudi kwenye ile alasiri ya Buguruni, mbele ya nyumba ya Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, aliponiambia nisimame nitaje jina, nami nikasimama nikalitaja. Nilipaswa kukataa. Hakuna aliyenishika shati wala kunionyesha fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mitatu. Lakini kabla ya jina inabidi nianze na hela, maana watoto wa leo hawatanielewa.

Enzi zile, wenzangu mnakumbuka, hela ilikuwa na uzito. Ukitia sarafu nne mfukoni kaptula inashuka upande mmoja, na mtaa mzima unajua leo una kitu. Senti tano ilikuwa na samaki. Senti ishirini ilikuwa ya manjano, na mbuni wake. Senti hamsini, bibi zetu wakiiita sumni, ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mwenge. Kwa senti tano unapata kashata, tena muuzaji anakuambia ahsante. Na upande wa pili wa zote ilikuwapo sura ya Mkuu wa Nchi, akitazama pembeni kama mtu aliyeitwa wakati anapigwa picha. Sura ile tuliiheshimu kuliko ya mwalimu mkuu. Mama alikuwa anaipangusa sarafu kabla ya kuifunga kwenye pindo la kanga. Ikikudondoka ukaiwahi kwa mguu isibiringike, unakula kofi: "Unamkanyaga nani wewe?"

Wajukuu zangu hela hawaijui, wanajua namba. "Babu nitumie, na ya kutolea uweke." Shikamoo yenyewe inakuja baada ya ujumbe wa kuthibitisha kwamba imeingia. Mmoja wao, wa kike, alipotimiza miaka ishirini na moja aliletewa shada la maua, kumbe maua ni noti za elfu kumi zimekunjwakunjwa. Wakapiga picha, wakalia, wakakumbatiana. Jioni kijana mmoja akaja na pikipiki kulichukua, maana shada lilikuwa la kukodi. Na ukienda dukani ukadai chenji yako ya hamsini, unapewa pipi, na muuzaji anakutazama kana kwamba umemwomba figo.

Sisi tulikaa Buguruni, hatua chache kutoka reli. Baba yangu alikuwa karani, mtu wa bara, aliyeingia Dar es Salaam na sanduku moja na Biblia mbili. Jirani yetu, Mzee Mfaume, alikuwa Mzaramo wa palepale, aliyezaliwa kabla mji haujamfikia. Kazi yake ilikuwa kulinda kivuko cha reli: garimoshi likikaribia anashusha kizuizi, anasimama wima na bendera yake kama jemadari wa jeshi la mtu mmoja. Mwanawe Sudi alikuwa rika langu, wa darasa langu na wa dawati langu. Kwao nilifuturu Ramadhani nzima bila kufunga hata siku moja. Kwetu yeye alikula Krismasi, kisha akamuuliza mama kama mwezi ujao kuna nyingine.

Mchezo wetu mkubwa haukuwa gololi wala tiara. Ulikuwa kuponda hela. Sikumbuki vizuri ni nani aliyeuanzisha. Nadhani ni mimi. Unaichukua senti ishirini, unaitemea mate upande mmoja ili inate, unailaza juu ya reli, unakimbilia majanini. Reli huanza kuimba kabla garimoshi halijaonekana. Kisha linapita, behewa baada ya behewa, ardhi inatetemeka hadi kwenye magego. Likishapita mnarukia kokoto mnaitafuta. Ukiipata ni ya moto, nyembamba kama jani, inang'aa kama kitu kilichotoka kwa sonara. Mbuni amekuwa bata. Tuliitoboa kwa msumari na kuivaa shingoni.

Hapo ndipo nilipopata somo la uchumi ambalo sekondari hawakunifundisha. Senti ishirini nzima ilinunua vipande viwili vya muhogo wa kukaanga. Iliyopondwa ilinunua gololi kumi, na heshima juu. Hela iliyokufa ilikuwa ghali kuliko iliyo hai.

Mwaka huo unga ulikuwa wa shida. Mama zetu walipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na aliyechoka aliacha tofali limshikie nafasi, na tofali liliheshimiwa. Unga wenyewe ulikuwa wa njano, wa msaada, ugali wake unanuka meli. Basi siku moja nikaokota senti yangu kwenye kokoto, nikaitazama ile sura, mashavu yametanuka mpaka ukingoni, nikapaza sauti: "Oneni Mzee alivyonenepa! Unga kaupata wapi?"

Tulikuwa watoto sita. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sudi alicheka hadi akapata kwikwi. Naandika hapa wazi ili pasiwe na ubishi: mwenye maneno hayo nilikuwa mimi.

Mtoto wa mwisho wa Balozi Kibwana, ambaye hakuwa nasi siku ile, alinunua senti moja iliyopondwa kwa gololi zake zote. Akaenda nayo nyumbani shingoni, na kwenye sinia la chakula akausimulia utani kama alivyousikia mtaani. Balozi hakucheka. Balozi Kibwana alikuwa mtu wa kalamu na muhuri. Ule muhuri hakuna aliyejua aliutoa wapi, ila aliugonga hata kwenye barua za kuomba posa. Akaketi, akamwandikia mwenyekiti wa tawi la chama barua ambayo baba yangu aliiona baadaye na kuishika kwa moyo mpaka anakufa: "Ndugu Mwenyekiti, kwa masikitiko nakuarifu kwamba katika shina langu Mkuu wa Nchi amepondwa na garimoshi, si chini ya mara sita, na watoto wanacheka."

Walikuja mbio. Viongozi wawili na mgambo watatu, mgambo mmoja tayari anafuta machozi. Wakaonyeshwa senti ishirini kwenye uzi.

Wangecheka, mambo yangeishia hapo. Lakini aibu ya wakubwa hairudi nyumbani mikono mitupu. Mmoja wa viongozi wale, aliyevaa miwani, akasafisha koo. Akasema kumponda kwa garimoshi si hoja sana, hilo ni chuma na chuma. Hoja ni kumponda kwa maneno. Nani alisema habari ya unga? Apatikane. Wakaondoka, wakamwachia Balozi kazi.

Balozi aliniita kesho yake.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mwana wa karani. Kaa. Nani alisema yale maneno?"

Akachomoa kalamu mfukoni.

"Sikiliza, bwana mdogo. Ripoti haiwezi kwenda bila jina. Mie sitaki mengi, jina moja linanitosha. Na wewe mtoto wa msomi, ukisema utaaminika." Akaweka shilingi mezani, nzima, sura juu.

Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema sijui, nikala viboko viwili, nikaenda zangu. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba Sudi angeweza kunitaja kwanza.

"Sudi."

"Sudi yupi?"

"Wa Mzee Mfaume."

"Na mbele ya watu utasema hivyohivyo?"

Hapo palikuwa na nafasi nyingine ya kukataa. "Nitasema," nikasema, na shilingi nikaichukua.

Alasiri ile watu wakakaa kwenye mikeka na magogo mbele ya nyumba ya Balozi. Nikasimama, nikasema "Sudi" kwa sauti ya kusoma shairi darasani. Wale wanne wengine waliokuwapo relini wakajitazama vidole vya miguu. Mzee Mfaume akanyanyuka na kijiti cha bendera yake mkononi, akamshika mwanawe.

"Ni wewe uliyesema?"

Sudi akanitazama. Nilingoja anitaje. Nilikuwa nimeshaandaa na la kujibu.

"Sijui, baba."

"Hujui nini? Kama si wewe, sema ni nani!"

"Sijui."

Kijiti kikavunjika. Akaendelea na kilichobaki. Sudi hakunitaja.

Nilidhani yameishia kwenye viboko. Sikuwajua wakubwa. Mtoto hafukuzwi kazi, kwa hiyo kosa likahama kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba: mlinda kivuko gani huyu, anayeacha watoto watumie garimoshi la umma kumdhalilisha Mkuu wa Nchi? Hata mwezi haukuisha, Mzee Mfaume akapata barua. Ameachishwa kazi kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe tulikuwa sisi, na sijui tulinufaika nini. Wakapakia kitanda, masufuria na kuku watatu kwenye lori lililoleta mkaa, wakarudi Kisarawe. Sudi alikuwa darasa la tano. Hakurudi shule tena, si yetu, si nyingine.

Baba alifurahi kwamba mwanawe ametajwa vizuri tawini, akaninunulia soda. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Nani alianza?"

Nikamwambia naitwa kucheza. Nikatoka, nikakaa uani peke yangu mpaka muda wa mchezo upite. Ile shilingi niliimaliza siku hiyohiyo: kashata, mihogo na barafu nyingi, nikaumwa tumbo wiki nzima. Wapo watakaosema ulikuwa mkono wa Mungu. Ilikuwa barafu.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaajiriwa ofisini, nikastaafu, nikajenga Bunju. Katika maisha yangu nimeiona ile shilingi ikipungua, ikawa haitoshi kununua hata karatasi ya kufungia kashata. Mafundi wakawa wanaitoboa na kuikazia boliti. Shilingi ilipondwa, ndugu zangu, ilipondwa kweli, tena bila garimoshi, na sikusikia balozi yeyote aliyeandika barua.

Miaka michache iliyopita binti yangu alikuwa na shughuli, akanituma ndizi sokoni Mabibo. Nikasimama kwenye meza ya mzee mmoja mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, anakata mkungu kwa kisu kifupi.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia.

Nikaitikia marahaba kwa mazoea, kisha nikamtazama vizuri. Ule mkao wa mabega ulikuwa wa Mzee Mfaume.

"Sudi? Sudi, mie huyu! Wa Buguruni!"

"Nakujua," akasema. "Nilikujua tangu unashuka kwenye gari."

"Sasa shikamoo ya nini? Si tuko sawa sie?"

"Mkubwa ni mkubwa, bosi. Ndizi unachukua, huchukui?"

Nikasema nachukua. Nikachukua mikungu minne, niliyotumwa ni miwili. Nikamuuliza baba yake, akasema alikufa zamani, Kisarawe, mkulima. Nikamuuliza watoto, akasema wapo. Nikatoa noti, nyingi kuliko bei, nikamwambia, "Iliyobaki weka, ndugu yangu." Akalamba kidole, akahesabu, akanirudishia chenji yote hadi mia ya mwisho. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia.

"Sudi," nikasema, "yale mambo ya reli..."

"Bosi, nyuma yako kuna mteja."

Nimerudi mara nyingi tangu siku hiyo. Bunju hadi Mabibo si karibu, na ndizi hata Bunju zipo. Mke wangu ameshaniuliza kama nimeoa huko. Kila mara Sudi ananiwahi kwa shikamoo, kila mara ananichagulia mkungu mzuri, na kila mara chenji inarudi kamili. Nilishamwomba msamaha, kwa maneno yote, mbele ya wateja wake. Akasema, "Yamepita hayo, mzee. Nikufungie kwa kamba?"

Wajukuu zangu nikiwasimulia wanacheka. "Babu, kwa senti ishirini tu?" Wao wanawaponda viongozi kwenye simu tangu asubuhi mpaka bando linaisha, na ngoma ya singeli ikipigwa wanarusha noti juu na kuzikanyaga kwa raba nyeupe, hawaulizwi wanamkanyaga nani. Nawacheka kwa shada lao la kukodi, kwa pipi zao za chenji, kwa hela yao isiyo na uzito. Ila jambo moja siwacheki. Wakikamatwa kwa utani wao wanaposti kwamba huyu ni mwenzetu, mwachieni. Hata kama wanafanya kwa mbwembwe, jina lao wameliweka. Sisi tulioipangusa hela na kuifunga kwenye pindo la kanga, tulikaa kwenye mikeka tukatazama vidole vya miguu.

Mzee Mfaume alipoteza kazi kwa neno langu, na Sudi akapoteza shule. Mimi nilipoteza rafiki pekee niliyewahi kuwa naye, na hata sikufiwa naye: yuko Mabibo, mzima, ananiita bosi.