Mama Aliyerudi na Nywele Zake

Nilipokuwa na miaka kumi, babu mzaa mama alifariki huko Boga. Mama akaenda kilioni, akaniacha kwa jirani. Baada ya juma moja alirudi na nywele zake kichwani. Kwao mtoto akifiwa na mzazi hunyolewa, na dada yake mkubwa, aliyemsindikiza mpaka kwetu Rwambuzi, alikuwa na kipara kinachong'aa. Mama alikuwa na misuko ile ile aliyoondoka nayo, imeingia vumbi tu.

"Mama, juu ya nini weye habakukunyoa?"

"Shauri ya bakubwa," akajibu, akaingia jikoni.

Mimi ni mtu wa kinyongo. Jambo likinikwama kooni halishuki. Tangu siku ile nikawa namchunguza mama kama askari wa kizuizi cha barabarani. Dada yake mrefu, yeye mfupi. Sikukuu zikifika hakosi udhuru wa kutokwenda Boga. Na mlangoni kwetu, tangu dada yake alipomsindikiza, hakuna ndugu mwingine aliyepiga hodi. Baadaye familia zilizokimbia vita huko Djugu zilipanga parsele ya jirani, kiwanja chenye nyumba mbili tatu. Walikuwa wamepoteza nyumba na mashamba, lakini jioni walikaa wakitajiana shangazi na wajomba mpaka uji ukapoa. Niliwaonea wivu. Ni aibu kuandika hivyo, lakini niliwaonea wivu.

Mama alipoanza kuugua, nami nimeshakuwa mtu mzima, alilalamikia jambo moja tu.

"Siku nitakufa, nani atanyoa juu yangu?"

"Si niko, mama?"

"Weye ni mumoja. Mutu mumoja hafanyi kilio."

Nikaamua kwenda kuwatafuta watu wake, wowote wale. Barabara ilikuwa imetulia, kwa utulivu wetu ule wa kulala na viatu karibu na mlango. Nilipanda pikipiki hadi Boga, nikamkuta mama mkubwa, yule dada yake, anapukuchua mahindi uani. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya adabu. Yakanitoka ya ukali.

"Mama mukubwa, mama yangu ni mutoto ya nani?"

Hakushtuka. Alisogeza kikapu upande wangu nimsaidie.

"Mwanamuke mumoja wa kupita njia alifika hapa na homa. Alitoka upande ya Irumu, na mutoto ku mugongo. Alilala siku mbili, akakufa. Jina hakusema. Baba akasema, huyu mutoto sasa ni wetu."

"Kama ni wetu, juu ya nini hamukumunyoa kwa kilio ya baba?"

"Baba mwenyewe njo alikataza, mbele ya kufa. Alisema, nywele ya huyu mutoto iko na benyewe. Siku moja batakuja kumutafuta, bakute angali anabangojea. Siye tulibachungia tu."

"Na yeye mulimwambia?"

Vidole vyake viliendelea na mahindi.

"Tuliogopa ataumia," akasema mwishowe.

Nikacheka, na kilikuwa kicheko kibaya. Kuzaa si kazi, kazi kulea mwana. Wao kazi waliifanya yote, wakaja kumnyima wembe. Niliondoka bila kula, na njiani hasira ikaniisha, ukabaki upweke. Nilimwomba mwenye pikipiki azungukie Irumu. Nikasimama sokoni nikiwatazama vikongwe usoni, natafuta pua yangu. Mmoja aliniuliza kama nataka mihogo. Nikanunua.

Nyumbani nilimweleza mama kila neno. Alisikiliza amefumba macho.

"Benyewe habakukuja," alisema. "Na baba yangu sikumulilia."

Nilimuuliza kama nilete wembe, bado hatujachelewa. Akatikisa kichwa. Wembe wa kilio, alisema, unaitwa na ndugu. Mtu hajiitii mwenyewe. Kisha akageukia ukuta. Nikaenda kumenya ile mihogo.

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Nilipiga simu Boga kwa sababu ndiyo namba pekee niliyokuwa nayo, nikasema mama amefariki na kukata. Sikumwambia mtu aje. Asubuhi ya mazishi majirani wa Djugu walijaza ua kwa viti vyao, na mimi nikakaa peke yangu kwenye mkeka wa wafiwa, mpana kuliko kitanda.

Karibu na saa sita pikipiki ilisimama mlangoni. Mama mkubwa alishuka taratibu, kikongwe mwenye matope mpaka magotini. Alikuja moja kwa moja mkekani, akafungua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amenyoa. Mkononi alishika wembe ndani ya karatasi yake.

"Nimenyoa juu ya mudogo yangu," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Sasa weye, leta kichwa."

Nikainuka haraka nimwite mama aje aone. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa chumba chake nilipokumbuka.