Bao Nililoshangilia Peke Yangu

Softiboli niliileta mimi ofisini kwetu Kasulu, ingawa mimi ni shabiki wa kandanda na sheria zake nilizisoma kitabuni. Nikawaonya wenzangu wa uhasibu: ukiupiga mpira kwa rungu, kimbilia kituo; mpira ukikutangulia kufika hapo, umetoka. Wakaniita Mwalimu.

Jumamosi tulicheza na watu wa stoo mbele ya bosi, na pigo la kuamua mshindi likawa langu. Niliutwanga mpira hadi kwenye mihogo. Kwa furaha nikajifunika uso kwa fulana, nikawakimbilia mashabiki kama mfunga goli. Vigelegele vikazidi.

Niliposhusha fulana, nikaona wanaoshangilia ni stoo. Mama Neema, mtunza stoo, alisimama kituoni na mpira mkononi.

“Mwalimu, umetoka,” alisema taratibu. “Kitambi nacho tumekiona.”