Mkono Uliochukua Kazi ya Shangazi

Shangazi yangu ndiye aliyeniingiza kiwandani. Ni kiwanda cha mafuta ya nazi, huku kwetu Msambweni, na yeye alikuwa miongoni mwa kina mama waliopanga maboksi yaliyojaa chupa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nimesomea umeme, nakaa bure. Akamwomba msimamizi anijaribu.

Roboti ilipoletwa nikachaguliwa mimi kuiendesha. Ni mkono mmoja mkubwa wa chuma, umezungushiwa uzio ili mtu asiusogelee. Fundi kutoka Nairobi alinifundisha mpaka nikauzoea. Siku ya kuuzindua tuliitwa wafanyakazi wote. Nikabonyeza kitufe. Mkono ukainama, ukanyanyua boksi, ukaliweka pahala pake bila kuligonga.

Shangazi akapiga kigelegele. "Huyo ni mtoto wa kaka yangu," akawaambia wenziwe.

Wiki iliyofuata meneja aliwaita kina mama wale kantini, akawaambia kazi yao imekwisha. Niliwaona wakitoka, aproni zimekunjwa mkononi. Shangazi akaja moja kwa moja hadi kwenye uzio. Nikachuchumaa nyuma ya mashine, nikajifanya nafuta waya uliokuwa safi.

"Mwanangu, chakula chako nimekuachia kantini," akasema. "Usikiache kikapoa."

Nikaitikia bila kuinua uso. Wali ule wa nazi sikuugusa.

Siku hizi anashona makuti ya kuezekea hoteli za Diani. Vidole vimemchanika. Nikienda kumwamkia huniuliza habari za kazi, na mimi hujibu kwa mkato, kama mtu anayeulizwa alikoficha kitu.

Juzi tulikwenda harusini Gazi. Tukiwa jikoni na wanawake wengine, akanishika bega.

"Huyu ndiye anayeendesha roboti kule kiwandani."

Mama mmoja akamgeukia. "Na wewe je? Mbona nasikia umeacha kazi?"

"Mgongo," Shangazi akajibu. "Umri nao umekwenda."

Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna hata kifuu kilipobaki kitupu. Mgongo wake ni mzima, na mimi ninajua.

Njiani kurudi nikamwambia, "Shangazi, kwa nini hukuwaambia kweli?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mtoto niliyempeleka mwenyewe ndiye aliyekuja na kitu cha kunitoa?"

"Si mimi niliyekileta."

"Najua. Na wao wangejua?"

Nikampokea sufuria aliyokuwa ameibeba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kantini nikamtazama usoni. Alikuwa amechoka. Nikamwomba radhi. Akasema nisiseme hivyo, tutembee, giza linaingia.

Asubuhi nilirudi kazini. Mkono ulikuwa ukinisubiri niuwashe, nami nikauwasha.