Pumzi Nyuma ya Baiskeli

Kila asubuhi saa mbili, kwenye ghorofa ya sita huko Al Mankhool, Dubai, nilimvalisha Madam viatu vya baiskeli na kumpandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Ilikuwa imefungwa kwenye chuma katikati ya sebule, mbele ya televisheni kubwa. Nikishawasha, barabara ya Sisilia inaanza kupita: kilima baada ya kilima, kuta za mawe, mashamba ya michungwa na milimau yakishuka ngazi kwa ngazi hadi bondeni. Madam anakanyaga, feni inampuliza usoni, na kwa dakika arobaini hataki kusemeshwa na mtu.

Video zile hazikutoka dukani. Alizipiga mumewe, kamera kaifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, miaka ile walipokuwa wakizunguka nchi za Bahari ya Kati kila msimu wa machungwa. Mume alikuwa ameshafariki miaka minne kabla sijaajiriwa. Kwa kuwa kamera ilikuwa kwake, yeye haonekani hata mara moja. Anayeonekana ni Madam, mgongo wake, fulana ya njano, nywele kazifunga nyuma, hatua chache mbele. Marehemu yupo kwa pumzi tu. Kila kilima anahema, pumzi nzito za mwanamume mnene asiyetaka kushindwa, na zilijaa sebuleni hadi kunifikia jikoni nikiosha vyombo.

Nasema wazi, nilizichukia. Mimi ni mtu wa Muheza, na kwetu mtu akishazikwa anaombewa, haitwi. Unamtaja, unasema Mungu amrehemu, unaendelea na kazi zako. Sasa mimi huyu nakata vitunguu, marehemu wa watu ananihemea kisogoni! Siku za mwanzo nilikuwa nageuka kila mara. Baadaye niliacha kugeuka, lakini shingo haikuacha kunisisimka, na Kulhuwallahu niliisoma mpaka ulimi ukakauka.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nchi ile nilikuwa kama naijua. Sisilia sijafika na sidhani kama nitafika, ila vilima vyenye michungwa nimezaliwa navyo. Baba yangu alikuwa akipeleka machungwa mjini kwa baiskeli, gunia zima nyuma, na kwenye kilima alishuka akasukuma, nami nikimsaidia kwa nyuma. Alihema vilevile. Alifariki mwaka wangu wa kwanza Dubai, pasipoti yangu ikiwa mikononi mwa mwajiri wangu wa kwanza, nikamzika kwa simu. Kwa hiyo pumzi zile zikianza, kuna asubuhi sikuwa na hakika ni za nani. Machungwa ndiyo yaliyonisaidia kutofautisha. Ya kwetu yanaiva yakiwa kijani, na yale ya kwenye skrini yalikoza rangi kana kwamba yamepakwa. Nilimwambia Madam, akanicheka sana.

"Chungwa la kijani ni limau," alisema.

"Madam hajala la Muheza," nikamjibu, "ndiyo maana anabisha."

Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini kwa ubishi kilinitosha.

Madam alikuwa na miaka sabini na nane, na akili yake ilikuwa inaondoka kidogo kidogo. Jina langu alilisahau kila baada ya chakula. Miguu yake haikuwa imesahau kitu. Daktari alimwambia binti yake mbele yangu kwamba siku miguu hiyo ikisimama, mama hatainuka tena kitandani. Na binti, niliyemwita Madam mdogo ingawa alinizidi umri, naye alishatamka lake: mama akiwa wa kulala tu, atampeleka nyumba ya wazee huko kwao. Madam alisahau mengi, hilo hakulisahau. Likitajwa tu alinikamata mkono na kusema, "Usikubali wanichukue." Basi zile dakika arobaini za asubuhi ndizo zilizokuwa zikimweka nyumbani kwake.

Alikuwa amenieleza sheria yao ya barabarani, tena si mara moja, nami nilikuwa naitikia tu huku mawazo yangu yakiwa kwenye sufuria. Yeye mbele, mumewe nyuma. Anayetangulia hageuki, kwa sababu ukigeuza shingo kilimani baiskeli nayo inaifuata shingo, na pembeni kuna korongo. Anasikiliza. Akizisikia pumzi, anaendelea. Akizikosa, anashuka na kumrudia mwenzake. Walikwenda hivyo miaka thelathini na hawakupotezana.

Ikafika siku moja ya Julai. Nyumbani walikuwa wamemsomea baba hitima, na kaka yangu alinitumia sauti ya kisomo kwenye simu ili nami niitikie amina. Nilitaka kuisikiliza kwa utulivu, mara moja tu. Nikampandisha Madam, nikawasha kilima chake, kisha nikachukua rimoti nikaizima sauti. Nilisema moyoni: leo anasomewa baba yangu, huyu wa watu naye apumzike. Nikaingia jikoni, nikaziba masikio yote mawili kwa visikilizio, nikalia na amina zangu.

Nilipotoka, baiskeli ilikuwa tupu na kanyagio zimesimama. Kwenye skrini Madam wa fulana ya njano alikuwa anapanda kilima peke yake, kimya kabisa. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Sikumbuki lifti ilivyoshuka. Chini alikuwapo mlinzi wa jengo, Mkenya wa bara, mtu wa heshima zake. Alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kiti.

"Sister, madam yako amepita hapa saa hii na hizo viatu zake za kelele," alisema. "Nikadhani mko pamoja. Ameenda side ya parking."

Al Mankhool haina kilima. Mwinuko pekee katika jengo lile ni njia ya magari inayopanda kutoka kwenye maegesho ya chini ya ardhi, na Madam alikuwa amesimama juu yake, katikati kabisa, jua likimpiga utosini, anatazama kule gizani. Gari lililokuwa linapanda lilikuwa limefunga breki karibu na magoti yake. Dereva anapiga honi, Madam hana habari naye. Mlinzi akakimbia na mkono juu.

"Khalas, bana! Zima gari! Huoni ni mzee?"

Nikamfikia Madam nikamshika bega.

"Twende ndani, Madam."

"Nyamaza. Nasikiliza."

Nikanyamaza. Dereva naye alikuwa amezima gari. Kutoka kule chini kulikuja mvumo wa mashine za hewa, na ndani ya mvumo ule, sitii chumvi, nikamsikia mtu anahema. Anahema taratibu, kama anayepanda. Nilihisi nywele zinanisimama chini ya mtandio.

"Ni mafeni tu hizo," mlinzi akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Madam alingoja. Hakuna aliyetokea. Kisha akanigeukia, na siku ile macho yake yalikuwa timamu kuliko siku zote nilizomjua.

"Nimekwenda mbele mno," alisema. "Sijui ameacha kuhema tangu lini."

Tulimrudisha juu mimi na mlinzi, kila mmoja kashika kwapa lake.

Kesho yake niliifungua sauti mpaka mwisho. Marehemu alihema mpaka vioo vya kabati vikatikisika, nami kwa mara ya kwanza nilifurahi kumsikia. Madam akakanyaga mizunguko miwili, akasimama.

"Huyo siye," akasema. "Wangu amebaki kule chini."

Akashuka. Siku ya pili hakukubali hata kuvaa viatu. Alikaa dirishani, pale unapoiona njia ya magari, akasikiliza kupitia kioo. Chakula alikisogeza pembeni. Siku ya nne kumwinua kitini kulinitoa jasho, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Madam mdogo, ambaye alikaa kwake, alikuwa akipiga simu kutoka kazini kila mchana.

"Mama ameendesha leo?"

"Ndiyo, Madam."

Niliongopa siku nne mfululizo. Ya rimoti sikumwambia, wala sikumwambia kwamba mama yake nusura agongwe, na mlinzi nilimsihi naye asiseme. Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Mimi nilimlaza aliyekuwa macho, na usingizi ukanikimbia. Nilijiona mwuaji. Nilikuwa nimemwua mume wa mtu mara ya pili, tena safari hii mke wake anasikia.

Alhamisi Madam mdogo akapiga simu, akasema majibu yangu hayamridhishi, atakuja Jumamosi na wakala wa ile nyumba ya wazee, amwone mama alivyo. Madam alikuwa hapo hapo, na simu ilikuwa kwenye spika. Hakunikamata mkono kama kawaida yake, na hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa asubuhi nilimvalisha viatu kwa nguvu, namwomba radhi kwa Kiswahili. Nikampandisha. Nikawasha kilima, sauti nikaizima mwenyewe kwa mkono wangu. Kisha nikachukua stuli fupi ya jikoni ninayopandia kufikia makabati ya juu, nikaiweka nyuma yake, nikaanza kuhema.

Aibu niliyoiona! Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nasimama nyuma ya mzungu nampumulia. Mguu wa Madam ukasogea. Ukasogea tena, kisha ukasimama, kwa sababu alikuwa amezisikia pumzi za uongo. Miaka thelathini anamsikiliza mtu, utamdanganya kwa kupuliza? Nikaelewa kwamba ni lazima nichoke kweli. Nikapanda stuli, nikashuka, nikapanda, nikashuka, mpaka kifua kikaniwaka na pumzi zikaja zenyewe, nzito, za mtu aliye kilimani. Madam akainama juu ya usukani. Kanyagio zikazunguka. Michungwa ikaanza kupita, nami nikapanda na kushuka nikitiririkwa na jasho na machozi pamoja, na dakika arobaini zikaisha.

Jumamosi mgeni alikuja, akamkuta Madam mwekundu usoni, amekula mayai mawili, anagombana nami juu ya chungwa. Akamwuliza maswali, akambonyeza miguu, akaondoka. Hakurudi.

Toka hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyejua, maana Madam hageuki. Nilihema kila siku, Ramadhani nikihema na saumu yangu. Kuna siku nilijisikia mwenyewe nikashtuka, kwa kuwa ile pumzi haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya mwanamume mnene, nami sikuwa naifanya, ilikuwa inakuja tu.

Asubuhi moja, kilima kikali kikiwa kimefika nusu, Madam akasema neno huku anakanyaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake barabarani.

"Kila mtu ananiambia umekufa."

Nilisimama juu ya stuli. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Kanyagio zilianza kupunguza mwendo, na nikaona kichwa chake kinaanza kugeuka, kidogo kidogo, na pembeni mwa barabara korongo liko wazi.

"Bado," nikasema. Lilinitoka kwa Kiswahili.

Madam akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho mbele na kuongeza mwendo, nami ikanibidi nipande na kushuka upesi zaidi nisije nikaachwa.