Saa Nane ya Daktari

Daktari aliandika kwenye kikaratasi: "Kortisoli, saa 8." Hakuandika asubuhi wala mchana. Nikamsomea mama kwa ile sauti yangu ya darasani: saa nane. Nafundisha baiolojia, na sijazoea kushindwa na kikaratasi.

Saa nane mchana ilitufaa. Mama alikuwa akikaanga samaki, ngege, pale ufuoni Dunga tangu nikiwa shule ya msingi, na saa hizo wateja huanza kupungua. Miezi ya karibuni alikuwa anachoka ovyo, akisimama anashikwa na kizunguzungu. Daktari alitaka kujua kama tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo bado zinatoa homoni ya kortisoli ya kutosha.

Majibu yalitoka chini mno. Tukaambiwa ikithibitishwa kwamba tezi zimeshindwa kazi, atameza vidonge maisha yake yote. Kwa sasa asisimame mbele ya moto, asije akaangukia mafuta. Turudi baada ya wiki.

Wiki hiyo niliipitisha kama mtu anayetembea chini ya maji. Nilisimama darasani nikitazama ziwa dirishani, jeupe, bila mstari wa kulitenga na mbingu, nikasahau nilikuwa nafundisha nini. Niliogopa kubaki bila mama, basi. Yeye alikuwa mtulivu hadi akaniudhi. Siku ya tatu alinieleza, kama anayetaja bei ya nyanya, kwamba nafasi yake Dunga, karai, meko na wateja, ameshampa mjane mmoja mwenye watoto wanne.

"Mama, si ungengoja kwanza?"

"Ningoje nini, nyathina, mwanangu? Mimi ni mama yako lakini pia niko na macho. Hao watoto wanakula leo."

Tuliporudi, daktari aliuliza kama siku ile ya kipimo tulifika asubuhi mapema.

"Saa nane, daktari," mama akasema. "Si wewe uliandika nane?"

Daktari alikisoma tena kikaratasi chake. Alikuwa amefikiri kwa Kiingereza, akaandika kwa Kiswahili. Alitaka saa mbili asubuhi.

Yeye aliomba radhi, lakini aibu ilikuwa yangu. Kila mwaka naichora ubaoni saa ya mwili: ndani ya seli, jeni fulani zinaagiza protini, protini zikijaa zinarudi kuzizima jeni zilezile, kisha zinachakaa na jeni zinaamka tena, na mzunguko huo huchukua karibu siku nzima. Ubongo una saa kuu inayofuata mwanga. Tezi zile nazo zina saa yao, inayoamua ni wakati gani zitauitikia ubongo kwa nguvu na wakati gani zitaitikia kivivu. Ndiyo maana kortisoli hupanda mtu akiwa bado kwenye ndoto, hufika kilele asubuhi, halafu hushuka polepole mchana kutwa. Nilijua yote hayo, na bado nilimpeleka mama saa nane mchana bila kuuliza.

Tulipima tena saa mbili asubuhi. Tezi zilikuwa nzima. Kilichokuwa kikimchosha ni upungufu wa damu, akaandikiwa dawa za kuiongeza. Nilicheka na kulia palepale kwenye benchi, watu wakanitazama.

"Twende Dunga tukamwambie yule mjane," nikasema.

Mama alinikata jicho. "Nimwambie nini? Ati sikufa, kwa hivyo anirudishie karai?"

Hakurudi. Amepata nguvu, uso umejaa, na siku zake ni ndefu na hazina kazi. Anasema anapumzika. Lakini zile jeni hakuna aliyeziambia kwamba nafasi imetolewa. Kila alfajiri, ziwa likiwa bado halionekani, mwili wake unajiandaa wenyewe, anaamka mzima kabisa, anajifunga leso kiunoni na kufika mlangoni. Hapo anakumbuka. Mimi niko macho chumba cha pili, nasikia kitanda chake kikilia anapokaa tena.