Nafasi ya Kumi na Saba

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na kwa kuwa wengi walioishuhudia bado wako Kilungu, nikipita huko huwa nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Nilikuwa mwalimu mpya, na digrii yangu na suruali yangu ya bugaluu, katika shule ndogo kule vilimani Kilungu. Kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi arobaini, na ofisi ya elimu ilikuwa imetuonya kwamba akipungua hata mmoja darasa litafungwa. Likizo ya Aprili mmoja wao, Mwende, akafa kwa malaria. Nililia mazishini kama wengine, kisha nikarudi shuleni nikaacha jina lake kwenye rejista. (Jina moja tu, nilijiambia, litamdhuru nani?)

Kila asubuhi nililiruka jina hilo nikatia alama kimyakimya, lakini darasa lilikuwa likinyamaza pale pale baada ya jina la Mutuku, muda wa kutosha mtu kuitika, ndipo anayefuata aitike. Dawati la Mwende hakulikalia mtu.

Sasa jina likiwa kwenye rejista linataka na alama za mtihani. Nikampa za katikati ili asionekane: nafasi ya kumi na saba, hesabu hamsini na nne. Kwenye maoni nikaandika, "Mtulivu sana. Aongeze bidii."

Siku ya wazazi nilipanga kuichomoa ripoti hiyo, ila nilikwenda kumkaribisha chai ofisa wa elimu (ulafi wangu wa mandazi), na niliporudi mwalimu mkuu alikuwa ameshika rundo lote anasoma kwa sauti yake ya kanisani, kila mzazi akija mbele kuchukua ya mwanawe huku watu wakipiga makofi.

"Wa kumi na saba, Mwende Kioko!"

Alipotambua alichosoma, alikuwa ameshakisoma. Makofi mawili tu. Mama Mwende, aliyekuja kwa ajili ya kijana wake wa kidato cha kwanza, akainuka, akaja polepole, ndala zake zikisikika kwenye changarawe. Akaisoma ripoti yote.

"Mwalimu," akaniambia bila hasira, "hesabu ilikuwa inamshinda huyu. Nani amemfundisha?"

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Na hapa umesema ukweli. Ametulia." Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. "Mwambie aongeze bidii. Nitakuja tena muhula ujao."

Ofisa, alipoambiwa Mwende ni marehemu, akaomba rejista, akakata jina kwa kalamu yake. Darasa likafungwa, na wale thelathini na tisa wakatawanywa shule za jirani, ujanja wangu usiwafae kitu.

Muhula uliofuata mama alikuja. Akapokea ripoti ya kijana, akarudi kuketi, akangoja mpaka tukamaliza kukusanya mabenchi yote isipokuwa lake. Nikamwendea mikono mitupu. Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango wa lile darasa tupu.

"Bado anaandika?"

"Bado, mama," nikasema.

Naapa huo ndio uongo wangu wa mwisho juu ya mwanafunzi.