Rubani Aliyerudishwa Darasani Mpakani

Nimepata habari kwamba yule rubani wetu wa droni wa Bwera, mji wetu wa mpakani Uganda, ametutoka, baada ya kuugua siku chache tu. Wasomaji wangu mnaijua kazi yake: zile picha za mashamba ya kahawa ya Kyondo kutoka angani, mlizozisifu sana, alizipiga yeye. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mbishi kupindukia, na alijiita rubani hata akinunua ndizi sokoni. Nimeumia.

Marubani wa droni hutakiwa kurudia mafunzo mara kwa mara, mtandaoni, bure. Yeye aliyarudia nyumbani kwangu akinywa chai. Alibonyeza tu "endelea", akikosea jibu anabahatisha jingine, na cheti kikatoka kabla chai haijapoa. "Bwana mwandishi," akanitambia, "mimi nimebeba bunduki. Simu itanifundisha nini?" Wiki hiyohiyo upepo wa mlimani ukaichukua droni yake hadi ng'ambo, Kongo, ikaangukia shamba la mihogo. Hakuwa na nyingine, na ndiyo iliyowalisha wanawe. Tukavuka mpaka kwa miguu kuifuata.

Kituoni, upande wa Kongo, askari alikuwa ameiweka mezani droni iliyookotwa shambani. Rafiki yangu akamwonyesha cheti kwenye simu, kwa madaha. Askari akakisoma polepole.

"Hapa wanasema unajua. Sasa hii kitu imefika huku namna gani?"

Rubani akausingizia upepo.

"Hiyo masomo iko ya kulipa?"

"Ya bure, afande."

"Basi anza tena. Soma kwa sauti, mimi nasikia. Usipomaliza, haitoki hapa."

Mzee mzima akaketi kwenye benchi akasoma, huku waendesha boda wakijazana kusikiliza. Alipofika mahali panapomtaka rubani apime upepo kabla ya kurusha, sauti ikafifia.

"Rudia hiyo," askari akasema.

Aliirudia mara tatu. Jioni tukarudi Bwera na droni.

Tangu hapo aliyarudia mafunzo hata kabla muda wa kuyarudia haujafika, tena kwa sauti, mpaka mkewe akayajua. Sisi tuliozeeka kazini tunaogopa kufundishwa upya kuliko tunavyoogopa kukosea. Mhariri wangu ameniita kwenye mafunzo ya waandishi mara nyingi, nami kila mara nina udhuru. Rafiki yangu aliaibika mchana kweupe, akasoma, akarudishiwa riziki yake. Mimi sijaaibika hata siku moja, na sijui nimepoteza nini.